Muwa ulipita, upanga wa boksi ukakamatwa

Nimewahi kukwapuliwa simu Kampala, pale Owino, mchana kweupe. Sikukasirika kama nilivyokasirika Jumamosi ile langoni.

Bei ya tiketi na saa za kufungua mtaziona kwenye bango lao, mimi naanza na lango. Nilikwenda tamasha la anime, yaani katuni za Kijapani, na gemu, nimevaa kama Zoro, yule mpiganaji wa panga tatu wa katuni ya One Piece: kitenge cha kijani kiunoni, nywele nimepuliza rangi ya kijani, na panga tatu. Nilizikata kutoka boksi la friji, nikazibandika kwa gundi ya fundi viatu, nikakesha karibu wiki nzima nikizipaka rangi. Ule mweupe, Wado Ichimonji, niliuzungushia uzi mpini mzima, maana ndio Zoro anaoung'ata kwa meno, na rangi ya maji na mate havipatani.

Askari akanyoosha mkono. "Wewe kijana. Hapana ingia na silaha hapa."

Hicho ni Kiswahili cha kambini. Nakijua, nimekulia Mbuya, kwenye kambi ya jeshi, ndicho tulichosema nyumbani. Lakini Kampala mwenye sare akikusemesha Kiswahili, foleni nzima hunyamaza. Wazee wanakumbuka mbali, enzi za utawala wa wanajeshi. Nikamjibu kwa adabu: "Afande, hili ni boksi tu. Likunje uone." Akakunja kweli! Ule mweupe, katikati, ukalia kama katoni ya maziwa. Akautazama, akanitazama. "Silaha ni silaha," akasema.

Sasa sikilizeni. Nyuma yangu alikuwepo dada aliyevaa kama Nezuko, yule msichana wa mwanzi mdomoni. Mwanzi hakuupata, akaja na muwa. Muwa halisi, mnene kama kifundo cha mkono wangu, ukimpiga nao mtu analala hospitali ya Mulago. Askari akatabasamu, akampisha. Dada hana kosa, tena baadaye alinimegea pingili moja. Lakini haki iko wapi?

Risiti sikupewa, wala namba. "Utachukua ukitoka."

Nikaingia nimenuna, Zoro asiye na panga, yaani mtu tu mwenye nywele za kijani. Na hapo ndipo waandaaji wananichanganya, kwa sababu ndani palikuwa patamu. One Piece ilianza kuchapwa Japani mwaka 1997, kabla sijazaliwa, na mtaani kwangu sina wa kuzungumza naye habari zake. Pale, watu nisiowajua walinipungia: "Zoro! Umepotea tena?" Kwa anayemfahamu, mzaha huo unatosha, huyo bwana hupotea hata njia ikiwa moja. Kwenye kona ya Tekken, gemu ya kupigana, nikafungwa na mtoto wa kama miaka kumi aliyemchukua Eddy Gordo, yule Mbrazili wa kapoeira, akawa anabonyeza pedi ovyo ovyo kwa viganja vyote viwili. Nilicheka mpaka nikasahau lango. Mngeniuliza saa tisa, ningewapa nyota nne. Hata tano.

Halafu mvua ikanyesha.

Panga zangu zilikuwa ndani ya pipa la plastiki lisilo na kifuniko, nje, pamoja na miavuli na chupa za maji. Mbili zimekuwa uji. Ule mweupe haupo. Askari naye si yule. "Mimi nimeingia saa kumi na mbili, sijui kitu." Nikamtafuta kijana mmoja wa waandaaji, mwenye kadi shingoni. Akaniambia niwaandikie imeili. Nikamwomba anwani. Hakuijua. Nyota moja, na hiyo ni ya Eddy Gordo.

Nikatoka kutafuta boda. Ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha rolex, ile chapati ya kuviringishiwa mayai, mtoto wa mwenye kibanda alikuwa anapigana na kigoda. Kwa Wado Ichimonji. Umepinda, lakini uzi wangu uko pale pale. Nikamwambia, "Mdogo wangu, huo ni wangu." Akaniangalia vizuri, juu mpaka chini, akasema askari amempa, na kama nautaka ni elfu mbili.

Nikalipa. Nikanunua na rolex, maana mama yake alikuwa ananitazama.

Mwakani nitakwenda, msinicheke. Nitabeba muwa. Lakini waandaaji, elfu mbili zangu bado nazidai.