Skrubu, bolti au popriveti? Anza na hizi ukijaza boksi la vifaa

Kitu kikilegea nyumbani wengi tunakimbilia msumari, wiki ya pili kimelegea tena na safari hii mbao nayo imepasuka. Mi nilishaacha. Kama ndo unaanza kujaza boksi lako la vifaa, nunua kwa mpangilio huu.

Namba moja skrubu za mbao, bila mjadala. Bawaba, kitasa, droo, zote hizo kazi zake. Chukua unene wa milimita 4, urefu wa 30 na 40, zitakutosha muda mrefu, na sehemu inayozama kwenye mbao ya chini iwe kama mara mbili ya unene wa ile ya juu. Ila kabla hujalipa angalia kichwa, maana msalaba sio mmoja, kuna PH ambao ni msalaba mtupu na kuna PZ wenye vimistari vinne vidogo katikati ya ile mikono, sasa ukiingiza bisibisi ya PH kwenye PZ inacheza, inateleza, kichwa kinaliwa, halafu unalaumu skrubu. Na kama tundu la zamani limeshapanuka usikimbilie skrubu nene, vunja njiti za kiberiti mbili tatu, paka gundi ya mbao, zijaze humo, ikikauka funga upya.

Pili bolti. M6 na M8 zinatosha kwa viti, vitanda na meza, hiyo namba ni kipenyo cha nyuzi kwa milimita, na spana zake kwa kawaida ni 10 na 13. Kwa kitu kinachotikiswa kila siku nunua nati zenye nailoni ndani. Kuijua nzima jaribu hapohapo dukani, izungushe kwa vidole, lazima igome ikifika kwenye ile plastiki. Ikipita mpaka mwisho kama imepakwa mafuta, irudishe. Washa, kile kiduara bapa cha chuma chenye tundu, usikisahau, bila washa kichwa cha bolti kinaizamia mbao.

Tatu popriveti, vile vibomba vifupi vyenye pini katikati inayovutwa na koleo lake la riveti, hizi za mabati membamba na sehemu ambayo mkono haufiki kwa nyuma. Riveti ya 4 inataka tundu la 4.1, na urefu wake uwe unene wa vipande vyote ukiongeza kama milimita 6. Ikifunga unasikia tak, pini imekatika, imetoka hiyo. Kuitoa ni drili tu. Na mpini wa sufuria usiufunge na popriveti za kawaida, zina uwazi katikati, mchuzi utavuja, tafuta riveti nzima za kugonga na nyundo.

Mwisho kabisa zile skrubu nyeusi za jipsam. Zinauzwa nyinginyingi kwa bei ya chini ndo maana zimejaa kila nyumba, lakini chuma chake ni kigumu na kikavu, hakipindi, kinakatika ghafla. Nilifungia rafu ya vitabu, usiku nikasikia kishindo, asubuhi vichwa viko chini na miili imebaki ukutani, kuichomoa ilinichukua karibu siku nzima na koleo.

Bafuni na nje chukua stenlesi, zile za kupakwa zinki zitashika kutu tu. Bolti ya stenlesi ipake grisi kidogo kabla ya kufunga, isipopakwa nati huwa inang'ang'ania katikati ya nyuzi, haiendi mbele wala hairudi nyuma, hapo dawa yake msumeno.