Fleece Inn, Bretforton: baa iliyoanza kama nyumba ya mkulima

Kama unaishi Uingereza na umepata mgeni anayetaka kuona baa halisi ya kijijini, mpeleke Fleece Inn, kijiji cha Bretforton, jimbo la Worcestershire. Baa zinazojiita za kale nimeingia nyingi, ila hii ndiyo iliyonifanya niache chakula kipoe nikizunguka chumba hadi chumba kutazama mihimili.

Nyumba ni ya karne ya 15. Ilijengwa kwa mtindo wa wakulima wa enzi hizo: watu na mifugo chini ya paa moja. Ilikaa mikononi mwa ukoo mmoja vizazi na vizazi, na mwaka 1848 ndipo ikapata leseni ya kuuza pombe. Umbo la nyumba ya kuishi halijapotea. Vyumba ni vidogo, dari iko chini, na mbao zilizobeba jengo zimeachwa wazi. Nyumba za Kiingereza za aina hii, nafasi kati ya nguzo ilizibwa kwa fito zilizosukwa, kisha zikakandikwa udongo. Aliyekulia pwani yetu hahitaji kuelezwa zaidi.

Inama utazame sakafu mbele ya meko. Kuna duara nyeupe zilizochorwa juu ya mawe, kwa imani kwamba mchawi akishuka kupitia dohani atanaswa hapo. Mpaka leo hazijaachwa zifutike. Nilisimama pale muda mrefu, moto ukiwaka, wateja wakipita na glasi zao pembeni ya duara kama kawaida yao. Chumba kingine kina kabati la sahani za pyuta (madini yaliyochanganywa, mengi yakiwa bati) za karne ya 17; wenyeji husimulia kwamba aliziacha Oliver Cromwell, jenerali aliyeitawala Uingereza karne hiyo.

Shukrani zote ziende kwa Lola Taplin, wa mwisho wa ukoo ule. Alipofariki mwaka 1977 aliiachia National Trust, shirika la hisani linalotunza majengo ya kale, nyumba nzima, iendelee kuwa baa. Inasimuliwa kwamba alikataza hata krispi zisiuzwe humo! Mimi namheshimu sana mama huyu. Angeweza kuiuza, nasi leo tungekuta ukuta mweupe na runinga kubwa. Mwaka 2004 paa la nyasi lilishika moto, likaharibika vibaya, lakini nyumba ilikarabatiwa na biashara ikarudi.

Nyota 5 kutoka kwangu, na ningetoa hizo hata kwa meko peke yake. Asiyekunywa pombe asiogope, chakula kipo na watoto wanakaa nje bustanini. Ukija kwa treni, shuka Evesham, halafu utafute basi au teksi. Mwezi wa Mei ndio mzuri zaidi, kwa sababu bonde la Evesham linasifika kwa asparagasi, mboga ya machipukizi mabichi, na huwa ndiyo kwanza zinavunwa. Agiza zilizopakwa siagi tu.