Tiba mkoba ya moyo mkoani kwetu: nimeipa nyota 4, na sababu kubwa ni yule daktari wetu kijana

Naandika hii kwa yeyote mwenye mzazi anayevimba miguu na kulala ameegemea mito, maana mwaka jana ningekutana na maelezo kama haya tungeokoa miezi mingi.

Mama yangu ana miaka 63, presha anayo siku nyingi, akaanza kubanwa pumzi usiku, mto mmoja ukawa mitatu, akipanda ngazi mbili za barazani lazima asimame kwanza. Hospitali ya kwanza tuliyoenda, jina naliacha, tukapewa dawa za pumu. Miezi minne mtu anavuta dawa za pumu na pumu hana! Na kilichoniuma hasa ni kwamba mashine ya eko, ile ya kuangalia moyo kwa picha, ipo pale pale, imefunikwa shuka, nimeiona kwa macho yangu, ila aliyesomea kuitumia alishahamishwa na hakuachiwa wa kumrithi. Wakatuambia nendeni Dar. Sisi tuko kusini huku, Dar ni zaidi ya kilomita 500, mgonjwa anatweta hata akiwa amekaa utampandishaje basi la alfajiri?

Basi jirani akaniambia wataalamu wa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete (JKCI) wanakuja hospitali ya mkoa siku tano, zile huduma zao za tiba mkoba zinazoitwa Dkt. Samia Suluhu Hassan Outreach Services. Tukajidamka. Saa kumi na mbili asubuhi benchi zimejaa, watu wametoka mpaka wilaya za pembeni, wengine wamelala pale pale na khanga zao.

Tulivyoingia chumbani nilitegemea nimuone bingwa anapima, kumbe aliyekaa kwenye kiti ni daktari wetu wa hapa hapa mkoani, binti mdogo tu, na bingwa kasimama nyuma yake. Akampaka mama ile jeli ya baridi, akaweka kile kishikio kifuani, picha ikawa haieleweki, ukungu mtupu. Bingwa hakumnyang'anya. Akamwambia mama, "Shikamoo mama, lalia ubavu wa kushoto kidogo, toa pumzi yote, usivute kwanza," halafu akamshika yule binti kiganja, akakizungusha taratibu, kidogo sanaa, na moyo wa mama yangu ukatokea kwenye kioo unapiga. Akamuuliza, umeona ukuta huu unavyosogea kivivu? Akampimisha tena mwenyewe kuanzia mwanzo. Tulikaa mle muda mrefu na wa nje wananung'unika, ila mi sikujali, nilijua nachokiona pale kitabaki.

Jibu: moyo umechoka kwa presha ya miaka mingi, nguvu ya kusukuma damu iko 35%, ya kawaida inatakiwa angalau 50 na kitu. Akaandikiwa dawa ya kutoa maji na nyingine za kuusaidia moyo, wiki ya pili viatu vinaingia mguuni.

Chumba cha pili manesi wanafundishwa ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, vile vibandiko sita vya kifuani kila kimoja kikae wapi, maana kikikosea mahali karatasi inakudanganya. Alikuwepo na mtoto wa shule, valvu imeharibika, yaani ilianza na koo tu, bakteria wa koo wasipotibiwa vizuri kinga ya mwili inakuja kuushambulia moyo wenyewe. Huyo anahitaji sindano ya penisilini kila wiki nne, kwa miaka. Sasa sindano ya kila wiki nne nani ataichoma? Si bingwa wa Dar. Ni nesi wa zahanati ya kijijini kwao, na ndo maana nesi huyo akikosa mafunzo mnyororo mzima unakatika.

Nimefuatilia kidogo hili jambo. Nchi za Afrika Mashariki ziligawana vituo vya umahiri vya kufundisha wataalamu: Kenya figo, Uganda saratani, Rwanda uhandisi wa vifaa tiba, Burundi lishe, na Tanzania ndo tukapewa moyo, kiko chini ya chuo kikuu cha afya cha Muhimbili (MUHAS), Mloganzila. Kitu kizuri sana na JKCI yenyewe tangu 2015 imepunguza mno zile safari za India za kutibiwa moyo. Lakini jamani daktari wa upasuaji hafanyi kazi peke yake, anataka mtu wa usingizi, mtu wa kuendesha mashine ya moyo na mapafu, nesi wa wagonjwa mahututi (ICU), fundi wa vifaa, na kabla ya wote hao anataka mtu huku mikoani wa kugundua mgonjwa mapema. Wanaopanga ikama, yaani nani afanye kazi wapi, naomba kwa heshima zote, mtu akishafundishwa eko msimhamishe kabla hajafundisha wawili.

Nyota moja nimeibakiza kwa sababu siku tano ni chache. Siku ya mwisho kuna wazee walirudi nyumbani bila kupimwa, na mmoja alikuwa na hali kama ya mama.

Tumerudi juzi, miezi mitatu baadaye. Bingwa hayupo, yule binti kampima mama peke yake, mlango umefungwa, kimya, kazungusha kiganja vile vile. 42%. Na pembeni yake kulikuwa na kliniko ofisa mmoja kaketi na daftari, binti anamuelekeza.

Mkienda bebeni dawa zote mnazotumia kwenye mfuko pamoja na karatasi za zamani, na mfike kabla ya saa moja.