Tovuti ya ICD-10 ya WHO: nzuri, ila HHV-6 imesahaulika

Niko kitengo cha kumbukumbu za afya, na tovuti ya ICD-10 (orodha ya kimataifa ya namba za magonjwa) ya WHO, Shirika la Afya Duniani, toleo la 2019, huwa wazi kwenye kompyuta yangu kutwa nzima. Ni ya bure, na ukishaizoea inatafuta haraka.

Tetekuwanga ni B01, mkanda wa jeshi ni B02. Hizo ziko kichwani. Kazi iko kwenye virusi vya hepesi ambavyo madaktari huviandika kwa nadra. Chukua mtoto mchanga aliyechemka homa siku tatu, kisha homa ikashuka na papo hapo vipele vikamtoka kifuani na mgongoni. Andika "exanthema subitum" kwenye kisanduku cha kutafutia, inakuja B08.2. Ugonjwa huo huletwa na HHV-6 au HHV-7, yaani virusi vya hepesi vya binadamu aina ya 6 na ya 7, lakini namba haisemi ni kipi, na hilo linaniuma, maana majibu ya maabara yakija yanataja kirusi na mimi sina pa kukiweka. Marekani, kwenye ICD-10-CM, toleo lao wenyewe, wametenganisha: B08.21 ni HHV-6, B08.22 ni HHV-7. Tena wana fungu la B10, ambalo WHO haina, humo B10.01 ni kuvimba kwa ubongo (encephalitis) kunakotokana na HHV-6.

Kwa saratani ya Kaposi, ambayo nayo huletwa na kirusi cha hepesi, HHV-8, naisifu WHO bila kusita: C46 inafuata sehemu ya mwili, na B21.0 ipo kwa iliyotokana na VVU. Ila fungua fungu lenyewe usome orodha ya yasiyohusika, yaani magonjwa yasiyoingia kwenye fungu hilo, kabla hujajaza faili.

Naipa nyota nne.