Usiku wa kuziombea dadu mabaya

Mchezo wenyewe naupa nyota nne kati ya tano, huduma nyota tatu. Ni meza ya krapsi, dadu mbili, na nilienda na nia moja tu: kubeti dhidi ya dadu, yaani kuombea mrushaji ashindwe, kuanzia dau la kwanza hadi la mwisho, maana husemwa kupinga hivyo ni nafuu kidogo kwa mchezaji. Kazi yangu ni kukagua hesabu za watu, kwa hiyo nikisikia kitu ni "nafuu kidogo" situlii mpaka nikakione.

Kwenye kitambaa cha meza kuna ukanda mpana wa kupita (Pass), wa wanaobeti mrushaji ashinde, ambao karibu kila mtu anaujaza chipu. Kando yake upo mwembamba ulioandikwa Don't Pass, na mara nyingi una picha ya dadu mbili zote zikionyesha sita. Hapo ndipo nilipokaa. Mrusho wa kwanza ukitoa 7 au 11, wa kupita wanakula, naliwa mimi. Ukitoa 2 au 3, nakula mimi. 4, 5, 6, 8, 9 au 10 inakuwa pointi, na mhudumu anakigeuza kile kidude cha duara upande mweupe na kukiweka juu ya namba hiyo. Kuanzia hapo meza nzima inaisubiri pointi irudi, na mimi peke yangu naisubiri 7.

Imebaki 12. Ikitoka kwenye mrusho wa kwanza, wa kupita wanaliwa, lakini mimi silipwi. Dau langu linabaki lilipo, sare. Ujanja wote wa kasino uko hapo, maana 12 ingekuwa inanilipa, kasino ndiyo ingekuwa inaliwa na mimi. Wamechomoa njia moja kati ya 36 na mambo yakageuka. Matokeo yake, wa kupita anaiachia kasino wastani wa asilimia 1.41 ya dau lake, mimi asilimia 1.36. Ukipiga hesabu, kwenye kila chipu 2,000 nilizoweka nimemshinda jirani yangu kwa chipu moja. Moja! Anayekuambia kupinga ndiyo njia ya utajiri, mwitikie tu salamu upite.

Mrusho wa kwanza unatesa. Njia 8 za kuliwa, 3 za kula. Ukivuka hapo upepo unageuka: pointi ikiwa 4, kuna njia tatu za kuipata na sita za kupata 7. Ndiyo maana wa kupita akishawekewa pointi haruhusiwi kuondoa dau lake, ila mimi naruhusiwa kuondoa langu wakati wowote. Kijana aliyesimama karibu yangu akaona huo ni ukarimu. Nilimwambia, mdogo wangu, mlango ukiachwa wazi hivyo ujue wanakuombea utoke.

Kilichonipendeza zaidi ni odi, lile dau la nyongeza unaloweka pointi ikishapatikana. Linalipwa kwa uwiano wake halisi, kasino haikati kitu. Kwa mpingaji unaweka kingi ule kidogo: kwenye 4 na 10 unaweka 20 kula 10, kwenye 5 na 9 unaweka 30 kula 20, kwenye 6 na 8 unaweka 12 kula 10. Na hapo ndipo huduma ilipopoteza nyota. Niliweka 30 kwenye 9, 7 ikatoka, mhudumu akanisukumia 15, kana kwamba pointi ilikuwa 10. Nikamwonyesha. Akamwita msimamizi, wakahesabu, zikaongezwa 5 bila hata neno la samahani. Wapingaji ni wachache, nadhani mkono wake haujazoea malipo yetu. Basi ajifunze.

La watu ni zito kuliko la hesabu. 7 ikitoka wenzako wote wananyamaza, na wewe ndiye pekee unayenyoosha mkono kuchukua chipu. Shemeji yangu, niliyekwenda naye, alihamia upande wa pili wa meza baada ya mara ya tatu, akasema nina kisirani. Dadu hazisikii, lakini shemeji anasikia.

Kisha zamu ya kurusha ikanifikia. Mrushaji lazima awe na dau kwenye mmoja wa mistari hiyo miwili, na hakuna anayekukataza kujipinga mwenyewe. Mshika fimbo akanisogezea dadu tano nichague mbili. Nikaweka 10 kwenye ukanda wangu mwembamba, nikarusha, 6. Nikaongeza odi 12. Nikarusha 8. Nikarusha 5, 9, 4, tena 8, tena 4. Nilikuwa naibembeleza 7 kimoyomoyo, na kila ilipokataa kelele zilizidi, chipu zikapangwa juu ya kila namba, na hata shemeji akarudi ubavuni kwangu. Mrusho wa kumi na nne, tatu na tatu. Meza ikalipuka. Mzee mmoja akanipiga mgongoni, "Mkono wa baraka huo, mwanangu!" Nikacheka naye, huku mhudumu akizikusanya taratibu chipu zangu 22.