Bloku ya 3L kwa Hilux ya 1995: Nakuru niliuziwa isiyofaa, Kisumu nikapata yenyewe

Hilux yangu ni LN106 ya mwaka 1995, injini ya 3L ya dizeli. Hubeba viazi kutoka Molo hadi Kisumu, magunia 20 ya kilo 50, na kurudi na mchele wa Ahero. Mwezi wa pili mwaka huu, nikirudi, nilianza kusikia kitu kinagonga chini ya boneti nilipofika Awasi. Nilidhani ni injekta. Kwenye mwinuko wa kuelekea Kericho mlio ule ukageuka nyundo, halafu kishindo kimoja, moshi, na oili yote barabarani. Nilipoinama nikaona tundu ambamo ngumi ingeingia ubavuni mwa bloku, ule mwili wa injini wenye silinda, na kipande cha koni rodi, mkono unaoshika pistoni, kimechungulia nje.

Gari lilivutwa hadi Nakuru. Fundi wangu aliifungua injini siku hiyo hiyo. Hedi, kile kichwa kinachofunika bloku juu, ilikuwa nzima, pampu ya dizeli nzima, giaboksi haijaguswa. Injini kamili ya ex-Japan, yaani iliyotumika Japani, niliulizwa shilingi 190,000, pesa ambazo sikuwa nazo, kwa hiyo tukakubaliana nitafute bloku tupu.

Sasa hapa ndipo nataka mwenye gari kama langu asome polepole. Injini za 2L, 3L na 5L za Toyota ni ndugu wa tumbo moja. Ukizitazama kwa nje, na hasa zikiwa na grisi ya miaka, huzitofautishi. Tofauti iko ndani: silinda ya 2L ina kipenyo cha milimita 92, ya 3L milimita 96, ya 5L milimita 99.5. Mwendo wa pistoni nao ni 92 kwa 2L, na 96 kwa hizo mbili nyingine. Ndiyo maana ujazo wa 2L ni sisi (cc) 2446, 3L ni 2779 na 5L ni 2986.

Duka la kwanza nililoenda, mjini Nakuru, lilikuwa na bloku tatu chini ya meza. Kijana wa pale alinihakikishia mara mbili kwamba ile ya katikati ni 3L. Namba yake ilikuwa imesagwa kwa grainda, akasema ni kutu walikuwa wanaondoa. Kepu za meni beringi, vile vifuniko vinavyoishikilia krenkshafti (mhimili mkuu wa injini) chini ya bloku, hazikuwepo, akachagua tano kutoka kwenye debe na kunifungia kwa waya. Nililipa 32,000. Fundi alipoweka kalipa, kifaa cha kupimia kipenyo, mdomoni mwa silinda ya kwanza ikasoma 92 na kidogo. Akapima zote nne bila kusema kitu, kisha akachukua pistoni yangu moja ya zamani na kuiweka juu ya tundu. Ikakaa pale juu kama kifuniko cha sufuria.

Nikamuuliza kama haiwezi kuchongwa ifike 96. Akaniambia ukuta wa silinda utabaki mwembamba mno, na mimi ni mtu wa kupanda milima na tani moja mgongoni. Kuhusu zile kepu alikasirika zaidi. Kepu za meni huchongwa zikiwa zimefungwa kwenye bloku yake, kila moja mahali pake, kwa hiyo za kuokoteza hazikai kwenye mstari mmoja. Ukifunga hivyo, krenkshafti inabana na beringi zinakufa tena. Dukani walikataa kurudisha pesa. Baada ya wiki mbili za kwenda na kurudi nilirejeshewa nusu.

Bloku niliyoifunga ilitoka Kisumu, kwa mama mmoja mwenye kibanda cha spea upande wa Obote Road. Nilielekezwa na dereva mwenzangu wa viazi. Huyu mama hakuniambia habari nyingi. Alifunua gunia, akasugua mahali kwa brashi ya waya, na herufi zikatokea: 3L, kisha namba nzima, haijaguswa. Kepu tano zilikuwa zimefungwa mahali pake, 1 hadi 5, mishale yote ikielekea mbele. Bei 38,000. Nilipoanza kusitasita akasema, "Mwanangu, kwa nini ulipe kabla ya kujua? Niachie kitambulisho chako, uipeleke bloku kwa fundi wa kuchonga pale nyuma. Ikiwa mbovu irudishe, uchukue kitambulisho chako." Nilikuwa nimezunguka wiki tatu na hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.

Fundi wa kuchonga ni mzee, na huduma yake ndiyo iliyonifanya niandike haya. Kwanza aliipima silinda juu, katikati na chini, kwa pande mbili. Zilikuwa zimelika, lakini ni 3L bila shaka. Kisha akapaka mafuta ya taa juu ya uso wa bloku, kati ya silinda na silinda. Tukanywa chai. Akafuta kwa kitambaa hadi pakauka kabisa, halafu akapaka chaki. Palipo na ufa, alinieleza, mafuta yaliyojificha ndani hupanda na kuchora mstari kwenye chaki. Tukainama wote wawili. Chaki ilikuwa nyeupe kila mahali ila karibu na tundu moja la boliti ya hedi, silinda ya nne, ambapo doa lilianza kujitokeza. Moyo wangu ulishuka. Mzee hakuharakisha. Alisafisha uzi wa boliti kwa brashi ndogo, ukatoka uchafu mweusi wa oili, akarudia kazi yote upya. Mara ya pili chaki ikabaki nyeupe. Kwa kazi hiyo yote ya kukagua alinitoza 1,500 tu. Nikarudi kwa mama, nikamtumia pesa zake kwa M-Pesa na kuchukua kitambulisho changu.

Slivu mpya nne (mirija ya ndani ya silinda), kuchonga hadi 96 ya standa, yaani kipimo cha kiwandani, na krenkshafti yangu kusagwa ivae beringi za milimita 0.25 chini ya standa, vilinigharimu 27,500. Kasoro ipo: aliahidi siku tatu, zikawa tisa. Slivu zilitoka Nairobi, na stima ilipotea siku mbili. Mtu anayekula kutokana na gari lake ajipange kwa hilo. Mzee pia hapokei simu akiwa kwenye mashine, lazima uende mwenyewe.

Jambo la karatasi msilisahau. Namba ya injini imo kwenye logibuku, hati ya umiliki wa gari, na bloku mpya ina namba mpya, kwa hiyo lazima mabadiliko yapelekwe NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya. Mama alinipa risiti yenye namba hiyo na nakala ya logibuku ya gari ilikotoka. Bila hizo ningekwama, na ile bloku ya Nakuru iliyosagwa namba ingeniletea polisi mlangoni.

Fundi wa kuchonga nampa nyota tano licha ya zile siku tisa, na mama wa spea nampa tano pia. Gari limetembea kilomita 6,000 tangu tuifunge. Jumanne nilipanda Kericho na mzigo wa mchele, dirisha wazi, redio nimezima, nikisikiliza injini hadi Mau Summit. Nilipopima oili pale juu ilikuwa palepale nilipoiacha Ahero.