Utumwa katika maandiko: kuutetea au kukiri?

Biblia na Kurani zina sheria zinazokubali utumwa; muumini azichukulieje leo? Wapo wanaozitetea wakisema Mungu aliwaongoza watu hatua kwa hatua wauache. Kumbukumbu la Torati 23:15 inakataza kumrudisha mtumwa aliyetoroka kwa bwana wake. Kurani 90:13 inahimiza kumwacha huru mtumwa. Hoja hii ina uzito, ila inakwama kwenye Kutoka 21:21: mtumwa aliyepigwa akiishi siku moja au mbili, bwana haadhibiwi, kwa kuwa ni mali yake. Na nyama ya nguruwe ilikatazwa waziwazi. Kwa nini isiwe hivyo kumiliki mtu?

Wengine wanakiri kuwa sheria hizo ni za wanadamu wa zama zao, wakizipima kwa amri ya kumpenda jirani. Hapo muumini hulazimika kusema andiko fulani lilikosea, jambo zito mno. Hata hivyo naichagua njia hii, maana haimdai aliyepigwa uvumilivu.